Mlango Mfupi wa Chuo cha Marodoka

Juzi walikuja vijana wawili na nyundo, wakaanza kugonga kizingiti cha juu cha mlango wa chuo cha Kurani. Niliwasikia kutoka jikoni, maana nyumba yangu na chuo vinagawana ukuta mmoja. Nilipotoka, vumbi la chokaa ya zamani lilikuwa limejaa uchochoroni, na ile harufu yake kavu yenye ukali ikanipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Kijana mmoja akanionea huruma, akasema, "Pole, bibi, ni vumbi tu hili." Nikamwacha na ujinga wake.

Nikawauliza nani kawatuma. Wakasema ni wazee wa chuo, wanataka mlango upandishwe, kwa sababu watu wamechoka kugonga vichwa. Haya, hata mimi nimechoka, ila nimechoka kuwasikia. Tangu nikiwa msichana hadi leo nina wajukuu, hakuna mwanamume aliyepita mlango ule bila kushika paji la uso na kuuliza maneno yale yale: fundi gani kipofu aliyejenga kitu hiki? Anauliza huku anacheka, anadhani yeye ndiye wa kwanza kuusema mzaha huo. Mwalimu mpya, bwana mmoja mrefu kutoka Ngazija, aligonga kichwa mara mbili siku ya kwanza, asubuhi na alasiri, na nadhani ndiye aliyepeleka mashtaka. Sasa, kabla hawajamaliza kubomoa, nyinyi wa rika langu mliobaki, mliovuka nami maji kutoka Mahajanga mkiwa mmekalia vifurushi vya mama zenu, nisikilizeni niwaambie kwa nini mlango ule ni mfupi.

Baba yangu alikuwa Fundi Madi. Alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hakujenga nyumba za watu ila kwa shida. Kazi aliyoipenda ilikuwa majengo ya wote: misikiti, mabirika ya maji, forodha, vyuo vya watoto. Mjini Mahajanga, enzi zile ambapo wafalme na malkia wa Boina, ufalme wa Wasakalava, ndio walioshika pwani yote na sisi Waislamu wa biashara tuliishi chini ya kivuli chao, kila wazee walipotaka kujenga kitu walimwita baba. Nyumbani tulikuwa tunachanganya ndimi. Mambo ya dini, ya bahari na ya ujenzi baba aliyasema kwa Kiswahili alichokikuta kwa wazee wake. Mengine yote yalikuwa kwa Kisakalava cha mama, na ugomvi wote ulikuwa wa Kisakalava.

Na ugomvi ulikuwepo, kwa sababu baba hakuwahi kumaliza jengo hata moja. Sitii chumvi. Forodha aliifikisha usawa wa madirisha, malkia akafariki, kazi zote za mji zikasimama kwa msiba, na msiba ulipokwisha wakubwa wapya wakaitaka forodha kwingine. Birika la maji lilikuwa na hadithi ndefu zaidi. Alianza kulichimba pembe ya kaskazini mashariki, akaja mjumbe wa malkia akasema pembe hiyo kwa Wasakalava ni ya wazee waliotangulia, ni mwiko watu kuosha miguu hapo. Akalihamishia magharibi, tajiri mmoja akalalamika kwamba wachota maji wataona ua wa wake zake. Akalipeleka kusini, udongo ukaporomoka. Kila aliyekuja na neno, baba alimsikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Inshallah, tutalitazama." Neno la hapana hakulijua. Nilikuwa mtoto, lakini hasira zilinipanda nikimwona anafukia shimo alilolichimba mwenyewe.

"Wenzangu wameolewa na mafundi," mama alikuwa akisema huku anachambua mchele. "Mimi nimeolewa na mtu wa kuanza tu."

Baba hakukasirika. Alijibu jambo moja siku zote, na nililisikia mara nyingi hata nikalichukia: "Nataka jengo moja tu. Lipigwe sakafu juu, paa la chokaa, mvua inyeshe, nisimame chini yake nitazame juu, nisilowe. Moja tu, kisha nitakaa."

Kuna jambo la kazi yao lazima nilieleze, maana vijana wa siku hizi wanakuja na vijiti vyao vya kupimia, wanadhani dunia ilianza nao. Mafundi wa zamani walipima kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Siku ya kuweka msingi, fundi alitangaza mbele ya watu: jengo hili ni la mkono wa fulani. Basi mkata boriti, seremala wa mlango, mchoma chokaa, kila mmoja alikuja kujipima na mkono huo, akajua wake umezidi au umepungua vidole vingapi, na kazi yote ikaenda kwa kipimo kimoja. Vijiti vilikuwepo, lakini vilikuwa vya wauza nguo, na kila mtu mjini alijua vijiti vya wauza nguo hupungua kila mwaka kama sabuni. Kwa hiyo walimu wa baba walimwapisha asije akapima jengo la umma kwa kijiti. Mama alimwambia mara mia akate kijiti kimoja, akifiche chini ya kitanda, nani atajua. Alikataa. Kwa mambo ya wengine alikuwa laini kama uji, kwa hili alikuwa na kichwa kigumu, na mpaka leo sijaamua nimlaumu kwa lipi zaidi.

Jengo la mwisho alilolianza Mahajanga lilikuwa chuo. Kuta zilisimama vizuri safari hii, hakuna aliyekufa, hakuna aliyelalamika. Baba akaagiza boriti za mikoko, kila moja mikono sita, za kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta. Siku zilipoletwa nilikuwa pale, nimepeleka chakula. Wakapandisha ya kwanza, ikapungua. Wakapandisha ya pili, ikapungua vile vile, shibiri nzima, haikugusa ukuta wa pili. Wazee wakamgeukia mkata boriti, Msakalava mmoja mpole aliyeitwa Tombo, wakamwambia maneno machafu kuhusu ufupi wa mikono yake.

Tombo hakubishana. Alilaza boriti chini, akamwambia baba, "Baba, njoo uweke mkono wako." Baba akaweka mkono, mara moja, mara mbili, mpaka sita. Boriti ilikuwa sawa kabisa. Kuta ndizo zilizokosea, na kuta alizipima baba.

Baba akashika ile kamba yake ya mafundo aliyotumia kuchora msingi, akaipapasa, akaileta karibu na uso mpaka ikamgusa pua. "Kamba ilinyeshewa na mvua," akasema. "Ilivutika." Nilijua ni uongo, kwa sababu tulikuwa katikati ya kiangazi. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze, nikarudi nyumbani na mabakuli ya chakula hayajaguswa. Nilimwambia mama kwamba baba amesema uongo mbele ya watu wote. Nilitarajia apige kelele kama kawaida yake. Akakaa chini, akaniuliza tu, "Aliileta kamba karibu na uso?"

Tangu Ijumaa iliyofuata, baba alianza kunipima. Akirudi kutoka msikitini alinikalisha barazani, akaweka kiwiko chake na changu pamoja juu ya jiwe, akalaza mkono wangu juu ya wake, akapapasa ncha za vidole kuona nimepungukiwa kiasi gani. Kisha alishusha pumzi, akasema, "Bado." Sikuuliza, kwetu mtoto hamhoji baba yake maswali ya kwa nini.

Nilimuuliza binamu yangu Halima, aliyekuwa amenizidi miaka miwili na kwa hiyo anajua kila kitu. Halima akanitazama kwa huruma. Alisema dada yake pia alipimwa mkono hivyo hivyo, akaja sonara na uzi, na mwezi haukwisha akavishwa bangili za harusi na kupelekwa kwa mume. "Ukifikia kipimo tu," akasema, "umekwenda."

Jamani, nyinyi mnacheka, mimi sikulala. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nikaanza kula kidogo, ili mkono usikue. Siku za Ijumaa nilikunja kidole cha kati kidogo tu, ili mkono uonekane mfupi, na baba aliposema "bado" moyo wangu ulitulia mpaka Ijumaa nyingine. Nilichokasirikia zaidi ni ile huzuni yake. Kwa nini mtu anasikitika hivyo kwa sababu binti yake hajafikia kuondoka? Nilimwona ni baba asiyenitaka, nikamnunia miezi mizima, na yeye akadhani nina mchango wa tumbo.

Hayo mengine mnayajua. Jeshi la watu wa nyanda za juu liliingia Mahajanga, watu wa malkia wakakimbia kwenda kaskazini, na sisi tuliofuata biashara na kivuli chao tukakimbia nao. Chuo kiliachwa na kuta zake nne na hakina paa. Baba alikuwa ameagiza boriti mpya, ndefu zaidi, zikabaki ufukweni. Tulishukia hapa kisiwani Nosy Be, tukajibanza Marodoka penye wafanyabiashara wenzetu, tukajenga vibanda vya makuti. Baba alikuwa akitembea amelishika bega langu. Aliwaambia watu kwamba goti linamsumbua, na watu wakamwamini, mimi nikiwa wa kwanza.

Haukupita mwaka, wazee wakataka chuo. Aliyekuwa akisukuma jambo hilo ni Mzee Karimu, mfanyabiashara wa nguo, mjane, ndevu nyeupe mpaka kifuani, mtu mwema lakini alitafuna tambuu usiku na mchana. Alikuja kwetu mara tatu wiki moja, akakaa na baba wakanong'ona, na kila akiondoka alinipa kipande cha sukari guru. Sikuwa mjinga. Nilijumlisha sukari guru, minong'ono na bangili za dada yake Halima, nikapata jibu langu. Sukari nilimpa mbuzi wa jirani.

Siku ya kuweka msingi watu walijaa. Alikuwepo mjumbe wa malkia, mtu mzima mwenye sauti ya chini, ambaye bila ruhusa yake hata kuku asingefugwa hapa. Akasema kwa Kisakalava, taratibu, kwamba kuna jambo halielewi. Watu walio hai hukaa ndani ya vitu vilivyokuwa hai, miti na majani. Jiwe ni la wafu. Mahajanga mlijenga kwa mawe, akasema, na mmeona yaliyoupata mji. Je, sasa mnataka kuwaweka watoto ndani ya kaburi?

Mzee Karimu akatema mate ya tambuu, akamtazama baba, kama kumwambia fanya haraka, tangaza mkono, tuanze. Baba akaliacha bega langu, akanyoosha mkono wake hewani kunitafuta. "Jengo hili," akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "ni la mkono wa binti yangu Mwanaesha."

Mimi nikajua ndiyo nimeozwa, nikaangua kilio. Si kilio kidogo. Nikasema kwa Kisakalava, kila mtu akasikia, "Simtaki! Ana ndevu na anatema!"

Kisha mama akauliza kutoka upande wa wanawake, "Humtaki nani, mwanangu?" Nikamnyooshea kidole Mzee Karimu. Masikini yule mzee, akameza tambuu lake zima.

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Baba hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, akanishika uso kwa mikono miwili, vidole vyake vikapita juu ya machozi yangu, juu ya pua, juu ya mdomo, na hapo ndipo nilipoyatazama macho yake kwa karibu kwa mara ya kwanza baada ya miezi ya kumnunia. Yalikuwa na utando mweupe, kama maji yaliyochanganywa na chokaa. Miaka thelathini alikuwa ameinama juu ya mashimo ya kuzimulia chokaa kwa maji, na mvuke wake ulikuwa umeyala macho.

"Nilikuwa nangoja mkono wako ufikie wangu," akaniambia polepole. "Upime badala yangu, na kipimo kibaki kile kile. Siwezi kungoja tena, mwanangu. Tutajenga na huo ulio nao."

Wazee wakaanza kelele papo hapo. Mkono wa mtoto wa miaka kumi na moja! Chumba kitakuwa kama sanduku. Mlango utakuwa wa mbuzi. Mzee Karimu, bado anakohoa, akasema kwa adabu kwamba mkono wake mwenyewe upo, wautumie. Mwingine akasema watumie kijiti chake cha nguo. Nikangoja baba aseme inshallah, tutalitazama.

"Hapana," akasema baba. "Kijiti nimeapa. Na mkono wa mtu mwingine siujui nikiugusa. Huu naujua."

Mjumbe wa malkia alikuwa akinitazama muda wote huo. Akauliza kama mimi bado nakua. Baba akasema ndiyo. Yule mtu mzima akasema hakuna anayejenga kaburi kwa kipimo cha mtoto anayekua. Jengeni basi, akasema, na lisipimwe na mkono mwingine mpaka liishe. Baada ya neno hilo nani angebisha?

Nikapima. Miezi saba mkono wangu uliwekwa juu ya mawe mpaka kiwiko kikaota sugu. Mikono sita upana, mikono ishirini urefu, mikono minne kimo cha mlango. Tombo, ambaye naye alikuwa amevuka, alikuja kujipima nami, akacheka akasema sasa amepata mtu mwenye mkono mfupi kuliko wake. Boriti zilipoletwa zilikaa ukuta kwa ukuta. Baba alipapasa kila moja ilipokutana na jiwe, na sikumwambia kwamba katikati ya kazi mkono wangu ulikuwa umeshakua kwa upana wa kidole kizima na nilikuwa nikikikunja kile cha kati, safari hii kwa kazi ya maana. Wanawake walipanda juu wakapiga sakafu kwa vibao siku tano mfululizo, mama akiwa mbele.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri moja, kubwa, ya kwetu huku. Baba alinyanyuka barazani kwetu akasema twende. Nilimshika mkono, tukalowa sote njiani. Tulipofika chuoni nilimwachia, kwa sababu alitaka kuingia peke yake. Nikasahau kumwambia ainame. Alijigonga kwenye kizingiti cha juu, sauti ikasikika hata kwenye mvua, nami nikapiga ukelele.

Alisimama ameshika paji la uso. Kisha akainama, akaingia, akasimama katikati ya chumba na akageuza uso juu. Mvua ilikuwa inapiga sakafu, na tone halikumgusa. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Aliponigeukia, uvimbe ulikuwa umeshaanza kutoka juu ya jicho, na alikuwa anaupapasa kwa vidole viwili, anatabasamu.

"Sasa nimeliona," akasema.

Hilo ndilo jengo lake la pekee lililokwisha. Aliishi miaka tisa zaidi, na hakujenga tena.

Leo asubuhi wale vijana wamerudi. Yule mwenye huruma ameniuliza mlango ulikuwa na mikono mingapi, ili ajue aongeze kiasi gani, akanionyesha kijiti chake. Nimemwambia minne. Amepima, akasema si kweli, bibi, haifiki hata mitatu na nusu. Sikutaka kubishana naye. Nimetoa kiti changu jikoni, nimekiweka katikati ya mlango, chini ya pale alipoanza kubomoa, nimekaa. Wazee wa chuo wameshapelekewa habari, na mwalimu wa Ngazija amesimama uchochoroni na vitabu vyake, anangoja. Anayetaka kuingia nitampisha, ila ainame.